Andiko la mradi wa mfano wa nishati: namna ya kuomba fedha za serikali ukiwa Dar es Salaam

Tazama risiti yako ya Luku. Pamoja na VAT utakuta makato ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, na ya REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3. Hiyo asilimia 3 inakwenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, na ni sehemu ya fedha zinazopeleka nishati mahali ambapo mfanyabiashara peke yake asingethubutu kwenda. Ukikaa kuandika ombi la ruzuku, basi, usijione unaomba sadaka. Unaomba fedha za umma. Zina masharti yake, zina tarehe zake, na siku moja CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anaweza kuuliza zilikokwenda.

Maelezo haya ni kwa kikundi, kampuni changa, chuo au taasisi yenye wazo la nishati inayozalishwa palepale inapotumika: sola juu ya paa, gesi ya samadi au ya mabaki ya chakula, gridi ndogo ya kijiji, betri ya zahanati. Na ni kwa mradi wa mfano, yaani ule unaojengwa mara moja ili wengine wajifunze kabla ya kuujenga mara mia. Maandiko mengi yanayoangushwa huangukia hapo: kurasa ishirini za paneli, inveta (kigeuzi cha umeme wa paneli) na picha za uzinduzi, halafu hakuna hata aya moja inayosema tutajua nini mwisho wa mwaka ambacho leo hatukijui.

Hatua ya 1: Jua mlango wa kugonga

Kwa mtu wa Dar, mlango wa karibu ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoko Kijitonyama. Ukipanda daladala mwambie konda akushushe Sayansi. Tume iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na inasimamia mfuko uitwao MTUSATE, ulioanzishwa 1995 kwa ajili ya utafiti na ubunifu. Fedha hizi hutoka kwa wito wa maombi. Wito una mada, una tarehe ya mwisho, una fomu. Ukifika na wazo zuri wakati hakuna wito utapokelewa vizuri, utashauriwa, na utarudi nyumbani. Hata hivyo safari hiyo ina faida, maana utajua mada zinazofuata zinaelekea wapi, na jengo lilelile lina Buni Hub, ambako vijana wenye mawazo hulelewa.

Mlango wa pili ni REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ulio kazini tangu 2007. Hapa watu wa Dar hujikwaa kwenye jina lenyewe. Ni nishati vijijini. Ofisi yako inaweza kuwa Sinza, lakini mradi uwe Kisarawe, Mkuranga, Rufiji au kwenye visiwa vya Tanzania Bara. REA imewahi kulipa ruzuku kwa matokeo: chini ya mpango wa TEDAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, waendelezaji wa miradi midogo walilipwa dola 500 kwa kila mteja mpya waliyemuunganisha. Maana yake fedha zilifuata kazi iliyokwisha kufanyika na kuhakikiwa. Ukikutana na utaratibu wa namna hii, jiulize kwanza mtaji wa kuanzia utatoka wapi, kwa sababu ruzuku ya matokeo hainunui nguzo ya kwanza.

Mlango wa tatu ni halmashauri yako. Dar zipo tano: Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, ukarejea 2024. Fedha hizi hazina riba, lakini ni mkopo, na mkopo unarudishwa. Kwa mradi wa mfano, ambao kwa tabia yake unaweza kushindwa, mimi simshauri mtu aingie humo. Ungoje hadi jaribio limefaulu, umejua nani ananunua na kwa bei gani, ndipo kikundi kikope kutengeneza kumi.

Kama wazo lako ni la kupikia, upepo kwa sasa ni mzuri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimekwisha kuelekezwa kuachana na kuni na mkaa. Shule ya bweni iliyoko Chanika yenye choo kikubwa, jiko linalomeza kuni na ng'ombe wachache ni mahali pa mradi wa gesi kabla hujaandika neno.

Jambo moja la kutofautisha mapema: ruzuku siyo zabuni. Ukiona tangazo limewekwa kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ulioichukulia nafasi TANePS mwaka 2023, serikali inatafuta mtu wa kuiuzia kitu ilichokwisha kukiamua. Hapo wewe ni mzabuni na ubunifu wako haukuombwa. Jisajili kwa wakati wako, lakini usipeleke andiko la utafiti kwenye zabuni ya kufunga taa.

Hatua ya 2: Andika swali kabla ya orodha ya vifaa

Chukua karatasi, anza sentensi hivi: "Tunataka kujua kama..." Ikikushinda kuimalizia, ulicho nacho ni ununuzi, bado hujapata mradi wa mfano.

Tuchukue mfano tutakaotembea nao hadi mwisho. Tuseme kikundi cha akina mama wanaouza samaki Kunduchi wana friza mbili. Umeme ukikatika usiku, asubuhi samaki wameanza kulegea na bei imeshuka. Wanataka sola. Andiko dhaifu litasema: mradi utawawezesha wanawake, utahifadhi mazingira na kukuza uchumi wa buluu. Hakuna atakayebisha, na hakuna atakayejifunza kitu. Andiko zuri litasema: tunataka kujua kama friza inayogandisha barafu mchana kwa jua inaweza kuwaweka samaki chini ya nyuzi 4 usiku kucha, kipindi cha masika, bila betri kubwa. Hapo kuna kitu cha kupima, kuna muda, kuna mazingira magumu yaliyochaguliwa makusudi, na kuna uwezekano wa jibu kuwa hapana. Mjumbe wa kamati akisoma swali la aina hiyo anainua kichwa.

Kisha uliza kama swali hilo limekwisha kujibiwa. Kwamba sola inawasha taa kijijini, Tanzania inajua. Kwamba gridi ndogo ya sola inaweza kuhudumia kisiwa, Ukara ndani ya Ziwa Victoria ilianza kuonyesha mwaka 2016. Kwamba mtambo mdogo wa maji unaweza kuuzia TANESCO na vijiji kwa pamoja, Mwenga kule Mufindi, wa megawati 4, umefanya hivyo tangu 2012. Hakuna atakayekupa fedha uthibitishe tena. Dar, hata hivyo, ina maswali yake ambayo hayajachoka. Chukua nyumba ya kupanga yenye vyumba nane na Luku moja. Mwenye friji anaambiwa atoe zaidi, mwenye pasi anaficha pasi, na mwenye nyumba, ambaye paa ni lake, hakai hapo wala hanunui uniti hata moja. Ukimfungia sola juu ya paa hilo, faida ni ya nani? Mita ndogo kwa kila chumba zinamaliza ugomvi au zinauhamisha? Mwenye nyumba atakubali kuchangia kama kodi ya pango itapanda kidogo? Haya ni maswali ya mradi wa mfano hasa, na hayahitaji teknolojia yoyote mpya.

Hatua ya 3: Pima kwanza, hesabu baadaye

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine popote, na ndipo watu wanapopapita mbio.

Kabla ya kuita fundi, pima matumizi yaliyopo kwa angalau wiki mbili. Kama friza ziko kwenye Luku yake, andika salio la uniti kila asubuhi saa ileile na kila mara zinaponunuliwa uniti mpya. Kama zimechangia Luku na vitu vingine, tafuta kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, Kariakoo vinapatikana. Pamoja na hapo fungua daftari la mistari minne: umeme umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi, joto ndani ya friza lilikuwa nyuzi ngapi, samaki wangapi wameuzwa kwa bei ya kutupa. Daftari hilo limpe mama mmoja anayelala karibu na soko, na umlipe kitu. Atakayejaza ovyo utamjua, saa zote zitakuwa kamili: saa mbili kamili, saa tatu kamili.

Sasa tuseme daftari limesema friza mbili zinakula uniti 6 kwa siku. Kwa Dar, kilowati moja ya paneli iliyofungwa vizuri hutoa kama uniti 4 kwa siku kwa wastani wa mwaka. Masika, Machi hadi Mei, inashuka, na kwa usalama hesabu 3. Uniti 6 gawa kwa 3 ni kilowati 2. Ongeza robo ya upotevu kwenye nyaya, inveta na betri, unafika kilowati 2 na nusu. Kumbuka joto pia: namba ya wati iliyobandikwa nyuma ya paneli imepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25, wakati juu ya bati la Kunduchi saa saba mchana paneli inaweza kufika nyuzi 60, na hapo zaidi ya asilimia 10 ya nguvu imekwenda. Inua paneli kidogo ili upepo upite kati yake na bati.

Halafu ifanye hesabu ambayo wengi huikwepa. Umeme wa TANESCO kwa mtumiaji wa kawaida ni shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo ni kama 356. Uniti 6 kwa siku ni shilingi 2,136. Kwa mwezi ni 64,080, kwa mwaka ni 768,960. Hata kama vifaa vyote na ufundi vingepatikana kwa milioni 8, ukitegemea kuokoa bili peke yake unahitaji zaidi ya miaka 10 kurudisha fedha, na betri itakuwa imekufa kabla. Ukiandika kwenye andiko kwamba mradi utajilipa kwa kupunguza bili, umejimaliza mwenyewe, maana mjumbe yeyote mwenye kikokotoo cha simu atakukamata.

Basi thamani iko wapi? Iko kwenye samaki waliookoka usiku ule umeme ulipokatika. Ndiyo sababu daftari lina mstari wa nne. Kama kila mwezi zinaharibika kilo kadhaa za changu na kibua, hesabu yake inaweza kuizidi bili mara mbili au tatu, na hiyo ndiyo namba ya kuweka ukurasa wa kwanza. Kama daftari litaonyesha hasara ni ndogo, afadhali umejua kabla ya kuomba. Badilisha mradi.

Namba hizo pia zitakuambia kama betri ndiyo dawa. Betri za asidi hazipendi joto: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu, na banda la samaki halina nyuzi 25. Barafu haina shida hiyo. Kilo 20 za barafu zikiyeyuka zinanyonya joto la karibu uniti 1.9, bila kuharibika na bila kuibwa. Kwa samaki wa kuuzwa kesho, maji matupu yaliyoganda yanatosha kwa sababu yanashikilia nyuzi 0. Kwa samaki wa kugandishwa wiki nzima hayatoshi, hapo unahitaji maji yenye chumvi nyingi, ambayo huganda kwenye baridi kali zaidi. Kwa kikundi chetu, betri ndogo ya kuendesha taa na feni, pamoja na madumu ya barafu, inaweza kushinda benki kubwa ya betri kwa bei na kwa umri. Inaweza. Ndiyo swali lenyewe.

Na pwani usisahau chumvi ya hewani. Boliti za chuma cha kawaida zinaota kutu ndani ya muda mfupi. Andika aluminiamu na chuma kisichoshika kutu kwenye orodha, hata kama bei inauma.

Hatua ya 4: Barua na vibali

Anzia chini. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha halmashauri. Kwa mwaloni, ongea pia na BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maana wao ndio wanaojua banda ni la nani. Mjumbe wa kamati anaposoma barua ya mtaa anatafuta kitu kimoja: kama wenye eneo wanajua kitakachojengwa, au wametia saini tu. Ukiruka ngazi hii ukaanzia wizarani, utarudishwa mtaani, na utarudi umepoteza mwezi.

Hati ya eneo ndiyo inayozamisha miradi ya pwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kama banda lenu lipo ndani ya hizo mita, fika NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, mapema na wazo likiwa bado ni mchoro. Huenda suluhisho ni muundo wa kuhamishika, au paneli ziende juu ya paa la jengo la soko lililo nyuma. Kwa upande wa tathmini ya athari, kanuni za 2018 zimeigawa miradi kwa makundi, na paneli chache juu ya paa lililopo hazitendewi kama mtambo wa megawati. Mtambo wa gesi ya kinyesi ni habari nyingine kidogo. Waulize, upate majibu kwa maandishi.

EWURA: mradi wa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha, lakini ukitaka kuuzia watu umeme, jisajili na ueleze bei. Kama unataka kusukuma ziada kwenye gridi, zipo kanuni za mwaka 2018 za kubadilishana uniti na TANESCO, na hapo mazungumzo na TANESCO yaanze kabla ya kununua inveta, kwa kuwa si kila inveta inakubaliwa kuunganishwa. Anayefunga nyaya awe na leseni ya EWURA ya ufungaji umeme, ya daraja linalofanana na kazi. Nakala ya leseni iwe kiambatisho. Fundi mzuri asiye na leseni afanye kazi chini ya mwenye nayo, na hilo liandikwe.

Vifaa viwe na viwango vya TBS, shirika la viwango. Paneli feki zipo mjini na bei yake inavutia. Mshirika wa kupima atakusaidia: TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda kule Msasani, DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, au wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mshirika wa namna hii akisaini, andiko linabadilika uzito. Kama mshirika ni mtafiti kutoka nje ya nchi, atahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, na kibali kina muda wake, kwa hiyo asije na tiketi ya ndege mfukoni.

Ukikusanya majina na namba za simu za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Weka kwenye andiko sentensi mbili za namna utakavyozitunza.

Hatua ya 5: Bajeti isiyojificha

Kila kifaa kiwe na profoma, yaani makadirio ya bei ya muuzaji, tatu za maduka tofauti, na zisiwe tatu za mwandiko mmoja. Baadhi ya vifaa vya sola vimesamehewa VAT, vingine kama nyaya na vyuma havikusamehewa, hivyo muombe muuzaji aonyeshe kodi mstari kwa mstari. Malipo ya huduma, mfano fundi au mshauri, yana kodi ya zuio ya asilimia 5. Mwambie fundi mapema kwamba laki moja itamfikia ikiwa 95,000, la sivyo siku ya malipo patakuwa na kelele.

Tenga mstari wa vipimo: vipima joto, kipima umeme, posho ya mwenye daftari, safari za mhandisi. Watu huufuta mstari huu wa kwanza bajeti inapozidi. Ufute wa mwisho. Bila vipimo umenunua friza, basi.

Mchango wenu uonekane kwa thamani: friza mbili zilizopo, paa, ulinzi, nguvu kazi. Thamani iwe ya kweli. Friza iliyonunuliwa mitumba isipewe bei ya mpya.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Bajeti ikipitishwa Juni haina maana fedha ziko akaunti Julai. Andiko linaloweka ufungaji wiki ya pili ya Julai linaonyesha mwandishi hajawahi kusubiri malipo ya serikali. Panga miezi ya mwanzo iwe ya kazi zisizo na gharama: barua, vipimo vya awali, mafunzo. Na kwa kuwa fedha hutoka kwa awamu, gawanya kazi ili kila awamu iache kitu kinachosimama. Awamu ya kwanza ikiisha na nguzo bila paneli, na ya pili ikachelewa, banda litakuwa mahali pa kuanikia nguo.

Hatua ya 6: Nani anabaki nao

Swali hili litaulizwa, hata kama fomu haina nafasi yake. Friza ikizima mwaka wa tatu, anapigiwa nani? Taja mtu kwa cheo na mahali, mfano fundi aliyefundishwa anayekaa mtaa uleule, na mwanafunzi wake. Taja duka lenye vipuri. Weka mfuko wa matengenezo unaojazwa na watumiaji wenyewe: kila anayehifadhi samaki alipe kiasi kidogo kwa kilo, na daftari la fedha lisomwe mbele ya kikundi kila mwisho wa mwezi. Kikundi kilichozoea kucheza upatu kinajua nidhamu hii kuliko washauri wengi.

Umiliki uandikwe. Vifaa vilivyonunuliwa kwa ruzuku vinabaki vya nani mradi ukiisha: kikundi, halmashauri, au taasisi iliyotoa fedha? Mkataba ukikaa kimya hapo, omba uongezewe kifungu kabla ya kusaini. Kwa gridi ndogo ya kijiji, ongeza swali la TANESCO wakifika: mtageuka wazalishaji wanaowauzia, au wasambazaji mnaonunua kwao? Kanuni za miradi midogo zinaruhusu njia hizo, lakini nyaya zilizofungwa kienyeji hazitakubaliwa, hivyo jenga kwa viwango vya gridi tangu siku ya kwanza.

Betri zilizokufa pia zina kanuni zake za taka. Ziuzwe kwa mkusanyaji mwenye kibali, zisiishie kwa myeyusha madini ya risasi wa uchochoroni.

Hatua ya 7: Kuandika na kuwasilisha

Soma wito mara mbili. Lugha inayotakiwa, idadi ya kurasa, aina ya faili, viambatisho. Maombi mengi hufa kwa kukosa cheti cha usajili au TIN, na hakuna huruma hapo.

Ukurasa wa kwanza uwe na swali, namba kutoka daftarini, kiasi kinachoombwa, na nani atafaidika na jibu mbali ya kikundi chenu. Hilo la mwisho lisemwe kwa majina ya mahali: mialo mingine ya pwani, kutoka Bagamoyo hadi Kilwa, yenye friza na umeme unaokatika. Maneno makubwa yapunguze. Tuma siku chache kabla. Siku ya mwisho mtandao hujaa, na hakuna kamati inayokubali kisingizio cha bando.

Ukiitwa kujieleza, nenda na mwenye daftari. Mama aliyeandika joto la friza kwa wiki mbili atajibu maswali ambayo mhandisi hawezi, na atayajibu bila slaidi. Kamati ikitaka kuja kuona eneo, usipake rangi. Waache waone nyaya zilivyo.

Hatua ya 8: Fedha zikiingia

Fungua akaunti ya mradi peke yake. Kila matumizi yawe na risiti ya EFD; fundi asiyetoa risiti atafute mwenye mashine kabla ya kazi, siyo baada. Kabla ya kufunga chochote kipya, rudia vipimo vya wiki mbili, kwa sababu kati ya kuomba na kupata fedha friza moja itakuwa imebadilishwa na majirani wamejiunga kwenye waya.

Ripoti ya robo mwaka iwe na meza ya namba kutoka daftarini na aya moja ya kilichokwenda kombo. Kama masika barafu iliyeyuka saa nane usiku na samaki wakapanda hadi nyuzi 9, andika hivyo, pamoja na kilo za barafu, saa za jua zilizopatikana siku hiyo na mara ngapi mlango ulifunguliwa. Jibu la hapana lenye namba linatumika na atakayefuata, na mtoa fedha analikubali. Asichokikubali ni mahali palipoachwa wazi.

Awamu ya mwisho kwa kawaida hutoka baada ya ripoti ya mwisho kupokelewa, na inaweza kuchukua miezi. Mkubaliane mapema na fundi na muuzaji ni deni gani litasubiri awamu hiyo, waweke saini, na posho ya mwenye daftari isiwe miongoni mwake.